Kufundisha Vijana Historia na Fasihi ya Wamarekani Weusi: Mwongozo wa Darasa la Jumamosi

Mtoto wa Kikongo, wa Kitanzania au wa Kikenya anayekulia Marekani huhesabiwa na jirani, na dereva wa basi na askari polisi kuwa Mmarekani Mweusi kama wengine, ilhali nyumbani kwao huenda hakuna mtu mzima anayeijua historia ya watu hao kwa undani. Shuleni atasikia machache mwezi wa Februari, uliotengwa kwa historia ya Weusi, aghalabu majina matatu manne na picha za kubandika ukutani. Mwongozo huu ni wa mzazi, mwalimu wa madrasa, kiongozi wa vijana kanisani au mwanajumuiya yeyote anayetaka kuanzisha darasa dogo la Jumamosi kwa vijana wa miaka 12 hadi 17. Umejengwa juu ya wazo moja, kwamba historia na fasihi ya Wamarekani Weusi zisitenganishwe, kwa kuwa kwa muda mrefu kusoma na kuandika kwenyewe kulikuwa uwanja wa mapambano. Kila kipindi, basi, kianze na maandishi, na maelezo ya matukio yafuate.

Hatua ya 1: Kaa na wazazi kwanza

Itisha kikao cha wazazi kabla hujawaita watoto, na ujiandae kwa swali litakaloulizwa na mtu mmoja kwa niaba ya wengi: historia hiyo inatuhusu nini sisi tuliokuja jana? Usilijibu kwa hotuba ya umoja wa watu weusi duniani, maana wazazi wamezisikia hotuba hizo na hazijawasaidia. Lijibu kwa tarehe. Tarehe 6 Agosti 1965 Rais Lyndon Johnson alitia saini sheria ya kulinda haki ya kupiga kura, iliyopatikana baada ya watu weusi wa majimbo ya kusini kupigwa, kufungwa na kuuawa. Tarehe 3 Oktoba mwaka huohuo rais huyohuyo alitia saini sheria ya uhamiaji iliyofuta mgawo wa nafasi kwa kufuata taifa alikozaliwa mtu, mgawo uliokuwa umeipendelea Ulaya ya kaskazini na magharibi na kuiachia Afrika makombo. Sheria hizo mbili zilizaliwa na hali moja ya kisiasa, na familia nyingi za Kiafrika zilizoko Marekani leo ziliingia kupitia mlango uliofunguliwa mwaka ule.

Mifano iliyo karibu zaidi na nyumbani ipo pia. Wakenya watakumbuka safari za ndege za wanafunzi waliokwenda kusoma Marekani, zilizoanza 1959 kwa juhudi za Tom Mboya. Miongoni mwa waliosaidia kuzichangia fedha walikuwamo Wamarekani Weusi mashuhuri: mchezaji wa besiboli Jackie Robinson, mwimbaji Harry Belafonte na mwigizaji Sidney Poitier. Thurgood Marshall, wakili Mmarekani Mweusi aliyeshinda kesi ya kuondoa utengano wa weusi na wazungu shuleni mwaka 1954, alikuwa mshauri wa wajumbe wa Kiafrika wa Kenya katika mazungumzo ya katiba ya Lancaster House, London, mwaka 1960. Watanzania nao wana Bob Moses, mmoja wa viongozi wa harakati za haki za Weusi jimboni Mississippi, ambaye kuanzia 1969 hadi 1976 aliishi Tanzania na kufundisha hisabati huko Same, kisha akarudi Marekani na kuanzisha mradi wa kufundisha aljebra kwa watoto wa maskini. Kwa wazazi wa Kongo jibu ni la zamani zaidi na linauma zaidi, kwa sababu sehemu kubwa ya mateka walioshushwa South Carolina walitoka upande wa Kongo na Angola.

Katika kikao hichohicho patana na wazazi juu ya mambo ya kawaida: mahali, muda (saa moja na nusu inatosha), chakula, watu wazima wawili ndani ya chumba wakati wote, na ruhusa ya maandishi kwa kila mtoto. Waeleze waziwazi kwamba masomo yatagusa ukatili. Baadhi ya watoto hawa wamezaliwa kambini au wamekimbia vita, na ni wazazi wao wanaojua nini kisiguswe bila kuwatayarisha.

Hatua ya 2: Waulize vijana wanataka kujua nini

Mwezi Januari 1957, katika kisiwa cha Johns huko South Carolina, mtengeneza nywele aitwaye Bernice Robinson alianza kufundisha watu wazima katika chumba cha nyuma ya duka la ushirika, mahali palipochaguliwa ili wazungu wasishtuke. Hakuwa amesomea ualimu. Septima Clark, mwalimu aliyekuwa amefukuzwa kazi kwa kukataa kujitoa katika NAACP, chama cha kutetea haki za Weusi, alimtaka yeye hasa kwa sababu hakuwa na mazoea ya darasani. Robinson aliwauliza wanafunzi wake wanataka kujifunza nini, nao wakataja kuandika majina yao, kusoma Biblia na kujaza fomu za kuagiza bidhaa kwa posta. Akaanzia hapo, kisha akawafikisha kwenye kipengele cha katiba ya jimbo walichotakiwa kukisoma ili waandikishwe kupiga kura. Shule za namna hiyo zilienea kusini kote.

Fanya kama yeye. Gawa karatasi, kila kijana aandike swali moja bila kutaja jina. Utapata maswali usiyoyatazamia, likiwamo la kwa nini wanafunzi wenzao weusi huwacheka kwa lafudhi au kwa kuwa Waafrika. Swali hilo usilifukie. Litunze hadi wiki ya tatu au ya nne, wakati vijana watakuwa wameshaona jinsi picha ya Afrika ya kishenzi ilivyopandwa kwa makusudi katika vitabu vya shule na majukwaa ya burudani, wazungu na weusi wakailishwa pamoja.

Hatua ya 3: Chagua maandishi machache, uyasome mwenyewe hadi mwisho

Kwa wiki kumi yanatosha maandishi matano au sita. Mwalimu anayebeba orodha ya vitabu thelathini huishia kusimulia vitabu badala ya kuvisoma. Kilichochapishwa Marekani kabla ya 1929 hakina tena hakimiliki huko, kwa hiyo unaweza kukichapa na kukigawa bila gharama. Vilivyokuja baadaye viazime maktaba ya umma, ambayo kwa kawaida huagiza nakala kutoka matawi mengine ukiomba mapema. Maktaba ya Bunge la Marekani imeweka wazi kwenye intaneti masimulizi zaidi ya 2,300 ya watu waliozaliwa utumwani, yaliyokusanywa kati ya 1936 na 1938, na kuna pia sauti zilizorekodiwa za baadhi ya watu hao. Sauti ya mzee akieleza alivyolala chini kwenye ubao humfikia kijana wa miaka kumi na tatu haraka kuliko sura nzima ya kitabu cha shule. Kumbuka tu, na uwaambie vijana, kwamba wengi wa waliowahoji wazee hao walikuwa wazungu wa hukohuko kusini, na kwamba mzee maskini wa mwaka 1937 alikuwa na sababu ya kuchunga ulimi wake.

Hatua ya 4: Weka masharti ya darasa kabla ya kusoma chochote

Mambo matatu hayana mjadala. La kwanza, hakuna maigizo ya utumwa. Kuwalaza watoto sakafuni kama shehena ya meli au kuigiza mnada hakufundishi huruma, bali huwadhalilisha wengine na kuwachekesha wengine, na shule kadhaa za Marekani zimewahi kuomba radhi hadharani kwa michezo ya aina hiyo. La pili, lile tusi la rangi litakalokutwa ndani ya maandishi ya zamani halisomwi kwa sauti. Msomaji hunyamaza kidogo na kuendelea, na darasa linajua kilichopo. Vijana watakuambia kwamba wao hulitumia wakitaniana. Wasikilize, halafu ushikilie sharti. La tatu, picha za miili iliyoteswa hazioneshwi ghafla. Mama yake Emmett Till, kijana wa miaka 14 aliyeuawa Mississippi mwaka 1955, aliamua jeneza la mwanawe liwe wazi ili dunia ione, na uamuzi huo unastahili kufundishwa. Lakini unaweza kufundishwa kwa maneno tu, na kwa walio chini ya miaka 15 maneno yanatosha.

Hatua ya 5: Anza na mtoto anayenyimwa kusoma

Walimu wengi huanza na meli za watumwa. Kwa maoni yangu hilo ni kosa, kwa sababu mtu mweusi anaingia kwenye somo akiwa mzigo, na kijana hukaa wiki nyingi akingoja mtu huyo afanye jambo. Anza na Frederick Douglass, mtumwa aliyekuja kutoroka na kuwa mwandishi na mpinzani mashuhuri wa utumwa, akiwa na umri wa miaka minane hivi mjini Baltimore.

Tawasifu yake ya kwanza, iliyochapishwa 1845, ni fupi, ina sura 11 tu na nyongeza. Wape vijana sura ya 6 na ya 7, wala usianze na ya kwanza, ambayo ina tukio la shangazi yake kuchapwa viboko akiwa uchi hadi kiunoni. Katika sura ya 6 bibi mwenye nyumba, Sophia Auld, anaanza kumfundisha alfabeti, na mumewe anamzuia akisema kwamba mtumwa akijua kusoma hatatawalika tena. Mtoto anayasikia maneno hayo. Simama hapo, uulize darasa: je, bwana huyu amemnyima Douglass somo au amempa? Waache wabishane, kwa Kiswahili, kwa Kiingereza au kwa lugha zote mbili wanavyozichanganya nyumbani.

Baada ya mabishano wape nusu ukurasa wa pili, nao ni sheria ya North Carolina ya 1830 iliyokataza kuwafundisha watumwa kusoma na kuandika. Sheria yenyewe inatoa sababu, kwamba elimu hiyo huwatia watumwa kinyongo na kuzaa uasi. Mzungu aliyekiuka alitozwa faini au kufungwa. Mtu mweusi huru aliyekiuka aliweza pia kuchapwa viboko kati ya 20 na 39. Kuna kifungu kimoja kidogo ambacho vijana hukipita wasipoelekezwa: tarakimu ziliruhusiwa. Waulize ni kazi gani bwana alihitaji mtumwa aifanye hata akubali ajue hesabu lakini si herufi. Ukifika hapo umekwisha kufundisha uchumi wa utumwa bila kuutaja.

Sura ya 7 ina mambo ambayo watoto huyapenda kwa sababu ni hila za mtoto mwenzao. Douglass anabeba mkate anapotumwa sokoni na kuwapa watoto wa kizungu wenye njaa wa mitaani, nao wanamlipa kwa masomo. Anajifunza kuandika kwa kutazama herufi ambazo mafundi wa meli walichora juu ya mbao kuonyesha kila ubao ni wa upande gani. Wagawe vijana wawiliwawili, kila jozi iorodheshe mbinu zote alizotumia na kueleza kila mbinu ingemgharimu nini kama angekamatwa. Kazi ya nyumbani ni swali moja la kwenda kuwauliza wazazi au bibi na babu: wewe ulijifunzia wapi kusoma, na nani alikuzuia au alikusaidia? Majibu yatakayorudi kutoka Uvira, Kigoma au Nyarugusu yatajaza kipindi kizima cha wiki inayofuata.

Kwa vijana wakubwa ongeza sura ya 11. Douglass anasema ametoroka lakini anakataa kueleza alivyotoroka. Alikimbia Septemba 1838 akiwa amevaa kama baharia na kubeba hati za kuazima, ila hayo aliyatangaza baada ya utumwa kwisha. Waulize kwa nini mwandishi afiche sehemu tamu kuliko zote ya kisa chake. Wapo watakaojibu upesi kwamba alikuwa analinda njia ya wengine. Mtoto wa mkimbizi hahitaji kufafanuliwa hilo.

Hatua ya 6: Sasa rudi nyuma, kwenye ramani na hesabu

Baada ya Douglass vijana wenyewe huuliza watu hawa walifikaje huko. Tundika ramani ya Atlantiki. Waafrika wapatao milioni 12.5 walipakiwa melini katika karne zote za biashara ile, na milioni 10.7 hivi ndio waliofika wakiwa hai. Waambie wakisie ni wangapi waliopelekwa moja kwa moja Amerika ya Kaskazini. Karibu wote watataja nusu au zaidi, na jibu ni kama 388,000, yaani chini ya 4 katika kila 100. Walio wengi walipelekwa Brazili na visiwa vya Karibi. Lakini kufikia 1860 watumwa wa Marekani walikuwa karibu milioni 4. Tofauti kati ya namba hizo mbili ni watoto waliozaliwa utumwani, na hapo ndipo mwalimu aeleze sheria ya Virginia ya 1662 iliyoamua kwamba mtoto hufuata hali ya mama yake.

Kijana wa pwani au wa Kigoma anaweza kuleta habari za Bagamoyo, Ujiji na soko la Zanzibar. Mpokee, na uweke ramani ya pili ya Bahari ya Hindi kando ya ile ya kwanza, lakini usiruhusu moja itumike kuifuta nyingine au kuwapimia watu maumivu.

Hatua ya 7: Usiiruke miaka ya baada ya uhuru

Vitabu vingi hutoka 1865, utumwa ulipokomeshwa, na kutua 1955. Tenga kipindi kimoja kwa miaka iliyo katikati: Hiram Revels wa Mississippi akiingia Seneti mwaka 1870, shule zilizojaa watu wazima na watoto wakijifunza alfabeti pamoja, kisha mwaka 1877 majeshi ya serikali kuu yakiacha kuzilinda serikali za kusini, na mwaka 1896 Mahakama ya Juu kuhalalisha utengano katika kesi ya Plessy. Bila kipindi hiki kijana hudhani kwamba ubaguzi wa karne ya 20 ulikuwa mabaki tu ya utumwa, wakati ulijengwa upya kwa sheria na kwa bunduki baada ya watu kuwa wamekwisha kupiga kura na kuchaguliwa.

Hatua ya 8: Fundisha harakati kupitia vijana na kupitia kazi

Kisa cha Rosa Parks, aliyekamatwa Desemba 1955 kwa kukataa kumwachia mzungu kiti basini, kimezoeleka kusimuliwa kama cha mama mshonaji aliyechoka miguu. Ukweli unafundisha zaidi. Parks alikuwa katibu wa NAACP mjini Montgomery, Alabama, kwa miaka, na kiangazi cha 1955 alihudhuria mafunzo katika shule ya Highlander, Tennessee, alikokuwa akifundisha Septima Clark yuleyule. Miezi tisa kabla yake, tarehe 2 Machi 1955, msichana wa miaka 15 aitwaye Claudette Colvin alikataa kuondoka kitini katika basi la mji huohuo na akakamatwa. Baadaye alikuwa mmoja wa walalamikaji katika kesi iliyouvunja utengano mabasini. Usiku wa siku aliyokamatwa Parks, Jo Ann Robinson, mwalimu wa chuo, alichapa maelfu ya vipeperushi vya kuwaita watu weusi wasusie mabasi, kwa mashine ya chuoni hadi alfajiri. Mgomo ulidumu siku 381. Wape vijana zoezi la kupanga wao wenyewe: watu wa mji mzima waache mabasi, waende kazini vipi, nani alipe mafuta, nani ajibu simu, taarifa zipite wapi?

Kisha wape Elizabeth Eckford wa Little Rock, Arkansas, mmoja wa wanafunzi weusi wa kwanza kupelekwa katika shule ya wazungu, aliyefika shuleni peke yake tarehe 4 Septemba 1957 na kuzingirwa na umati wa wazungu, kwa sababu nyumbani kwao hakukuwa na simu na ujumbe wa kukutana na wenzake haukumfikia. Malizia na watoto wa Birmingham wa Mei 1963, waliotoka madarasani kwa mamia na kuandamana kupinga utengano hadi jela zikajaa. Hapa utaulizwa kama ilikuwa halali kuwatanguliza watoto. Watu wazima wa wakati ule walitofautiana vikali kuhusu jambo hilo, na darasa nalo liachwe litofautiane.

Hatua ya 9: Shairi moja, tamthilia moja

Kwa shairi, chukua lile la mito la Langston Hughes, "The Negro Speaks of Rivers", lililochapishwa 1921 wakati mwandishi akiwa bado kijana. Ni fupi na linataja mito minne: Frati, Kongo, Naili na Mississippi. Lisomwe mara tatu. Mara ya kwanza mwalimu alisome, wote wakisikiliza bila karatasi; mara ya pili kila kijana asome mshororo mmoja; mara ya tatu walisome kimya wakipigia mstari kila kitenzi na kuuliza ni nani huyo anayetenda katika nyakati zote hizo. Uchambuzi wa tamathali uje mwisho, tena uwe mfupi. Kisha kila mmoja aandike ubeti wa mto wake, uwe Rusizi, Tana, Rufiji au mfereji unaopita nyuma ya nyumba wanazopanga. Wenye kuweza vina na mizani ya Kiswahili watumie, na nyanya au babu aalikwe kusahihisha mizani, kazi ambayo huifanya bila huruma.

Kwa walio juu ya miaka 15, tamthilia ya Lorraine Hansberry ya 1959, "A Raisin in the Sun", kuhusu familia ya watu weusi wa Chicago inayotaka kununua nyumba katika mtaa wa wazungu inafaa kuliko nyingine, kwanza kwa sababu ina mwanafunzi kutoka Nigeria anayebishana na msichana wa familia hiyo juu ya nywele na juu ya Afrika. Familia ya mwandishi mwenyewe ilipigania nyumba ya namna hiyo hadi Mahakama ya Juu mwaka 1940. Gawa wahusika na msome onyesho moja kwa wiki. Isisomwe yote kama muda hautoshi.

Darasa likiangukia Desemba, tumia kipindi kimoja kwa Kwanzaa, sikukuu ya Wamarekani Weusi iliyoanzishwa California mwaka 1966. Kanuni zake saba zina majina ya Kiswahili, na ni mara chache sana katika shule za Marekani mtoto wetu kuwa ndiye anayewafundisha wengine matamshi.

Hatua ya 10: Toka nje ya chumba

Carter G. Woodson, mtoto wa watu waliowahi kuwa watumwa, aliyepata shahada ya uzamivu Harvard mwaka 1912, alianzisha Wiki ya Historia ya Weusi Februari 1926, na pamoja nayo chama chake kiliwapelekea walimu picha, mipango ya masomo na michezo ya kuigiza. Alichagua Februari kwa kuwa wiki hiyo ilikuwa imezoeleka kwa kumbukumbu za kuzaliwa kwa Lincoln na Douglass. Alitaka wiki hiyo iwe ya kuonyesha kilichojifunzwa mwaka mzima, kwa hiyo panga maonyesho ya vijana wako Februari na masomo yaanze Septemba.

Kwa maonyesho hayo kila kijana amhoji mzee mmoja Mmarekani Mweusi wa mji mnaoishi. Makanisa ya kale ya Weusi ndiyo mahali pa kuanzia. Mwandikie mchungaji barua, jitambulishe, na uende kusalimia kabla ya kuwapeleka watoto. Vijana waende wawili na mtu mzima, wakiwa na maswali sita yaliyoandikwa, waombe idhini ya kurekodi, na wampelekee mzee nakala ya walichoandika ili asahihishe kabla hakijasomwa mbele ya watu. Swali la kwanza liwe jepesi, kwa mfano alisoma shule gani na alifikaje huko. Mzee naye ana haki ya kuuliza, na mara nyingi ataanza yeye: ninyi mmetoka wapi, na huko mlisikia nini kuhusu sisi? Wafanyie vijana mazoezi ya kulijibu swali hilo kwa ukweli na kwa adabu, wakimwita mzee kwa jina la ukoo kama ilivyo desturi ya wazee hao, si kwa jina lake la kwanza.